Tenti Kwao, Sufuria Kwetu

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mwenye shule yetu alituita walimu wote uwanjani, akasimama mbali kama mtu anayeogopa kurushiwa mawe, akatuambia tujikaze. Hakusema tujikaze mpaka lini, wala mshahara wetu utajikaza na nani. Nilikuwa nikifundisha Kiswahili darasa la sita. Nilifuta ubao, nikachukua vipande vya chaki ambavyo mpaka leo sijui nilivichukua vya nini, nikatembea kwa miguu hadi nyumbani Kaloleni, hapa Kisumu.

Nyumbani kwangu kulikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya baraza. Nyumba zenyewe ni za zamani sana, zilijengwa na baraza la mji, kila moja na kiwanja chake. Kwa miaka mingi watu wamejenga vyumba vya mabati kwenye viwanja hivyo na kuvikodisha. Wa mbele ni familia za siku nyingi, waliozaliwa humo na kuzalia humo. Sisi wa nyuma ni watu wa kuja. Mimi natoka upande wa Vihiga, jirani yangu alitoka Busia, na mwenye nyumba yetu alikuwa amehamia Nairobi zamani, tukimjua kwa simu tu.

Mume wangu ni dereva wa lori. Wakati huo alikuwa amekwama Malaba, mpakani na Uganda, kwenye foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja madereva wapimwe. Alinipigia kila jioni.

"Leo mmesogea?" nikamuuliza siku moja.

"Tumesogea sana," akasema. "Kutoka kwa mama wa chapati mpaka kwa mama wa maharagwe."

Basi nami nikaanza kupika mandazi. Jirani wa kushoto akaona wazo ni zuri, akaanza naye. Wa kulia hakukubali kuachwa. Haikupita wiki mtaa mzima ukawa unauza mandazi na hakuna mnunuzi, tukawa tunabadilishana tu, kila mmoja akionja ya mwenzake yameivaje. Masoko ya wazi yalipofungwa, wauza mboga wa soko la Otonglo walianza kupita mlango kwa mlango na beseni kichwani, nao tukawapa mandazi wakatupa sukuma wiki. Ilikuwa biashara ya namna hiyo. Tulicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kinakonda kila siku.

Sasa lazima nieleze habari ya tenti na sufuria, maana bila hiyo mengine hayataeleweka.

Zamani upande wetu wa Kaloleni ulikuwa na chama kimoja cha kuzikana. Chama hicho kilikuwa kimenunua tenti kubwa ya bluu, viti vya plastiki, na zile sufuria za kupikia umati ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Kisha ukaja uchaguzi wa mwakilishi wa wadi. Nusu ya mtaa ilimfuata mgombea wa chama kikubwa, nusu nyingine ikamfuata kijana aliyesimama peke yake bila chama. Mtu na ndugu yake wakaacha kusalimiana. Kura zikahesabiwa, aliyeshinda akashinda, akahamia mtaa wenye lami, akatuachia ugomvi.

Mwenyekiti wa chama cha kuzikana alikuwa Mzee mmoja mstaafu wa reli, mjane, mrefu, mwenye sauti ya kutangazia treni. Yeye alikuwa mtu wa chama kikubwa. Tenti na viti vilikuwa vimehifadhiwa kwake, akavifungia. Mweka hazina alikuwa Mama mmoja mkaanga samaki, mfupi, mwepesi wa miguu na wa mdomo. Yeye alikuwa wa yule kijana. Sufuria na majiko makubwa yalikuwa kwake, akayafungia naye. Nyumba zao zilishiriki ukuta, kwa hiyo mali yote ya chama ilikuwa bado inalala pamoja, ila tofali tu katikati.

"Tenti kwao, sufuria kwetu," watu wa Mama walikuwa wakisema kwa majivuno.

Tangu hapo, ukifiwa na wewe ni mtu wa Mzee, waombolezaji wako walikaa kivulini juu ya viti safi, njaa ikiwauma kwa heshima zote. Ukiwa mtu wa Mama, walikula wakashiba huku jua likiwachoma utosini. Niliwahi kuona msiba wa familia iliyogawanyika pande mbili. Watu walikula upande mmoja wa uwanja, wakapangusa midomo, kisha wakavuka upande wa pili kwenda kuketi kama wageni waliofika sasa hivi.

Ndivyo tulivyokuwa wakati naibu chifu alipokuja na pikipiki asubuhi moja, barakoa imempanda mpaka chini ya macho. Alisimama katikati ya ile milango miwili, akawaita wote wawili watoke nje. Sisi wengine tukatoka bila kuitwa.

"Kuna mfanyabiashara mmoja wa mjini, mwenye duka la jumla," akasema. "Ametoa unga, maharagwe, mafuta na sabuni ya mtaa huu. Lori moja limejaa. Lakini amesema hivi: anataka kamati moja. Akisikia kamati mbili, lori linaenda mtaa mwingine. Mko na mpaka Ijumaa."

Mzee akatazama juu, Mama akatazama chini. Pikipiki ikaondoka.

Mkutano wa kwanza ulikuwa siku iliyofuata, uwanjani, watu wachache kutoka kila upande, kila mtu na kigoda chake mbali na mwenzake kama tulivyoagizwa na serikali. Nilikwenda kusikiliza tu. Tatizo la kwanza lilikuwa ule umbali. Mtu akikaa mbali lazima apige kelele ndipo asikike, na mtu akipiga kelele huonekana ana hasira, hata kama anasalimia. Walianza kwa sala. Hata ile sala ilisikika kama ugomvi.

Mzee alitaka kila nyumba ya baraza ipate fungu moja. Nyumba zina nambari zake ukutani, alisema, hakuna mahali pa kudanganya, na wa mbele wakigawia wa nyuma kwa hiari yao, vizuri. Mama alisema hiyo ni hadithi ya paka kuwagawia panya. Yeye alitaka watu wahesabiwe vichwa, mbele na nyuma, mtoto na mkubwa, na unga ugawanywe kwa vichwa.

Walisema yote hayo kwa Dholuo, na Dholuo ya watu wazima wakigombana ni tamu ajabu. Ina methali za fisi, za mbwa, za mkwe aliyekuja bila kualikwa. Kila methali ilijibiwa na nyingine iliyonolewa zaidi. Watu wakaanza kushangilia kama wako mpirani, wakasahau kabisa habari ya unga. Kisha Mzee akasema neno moja: *jodak*. Wa nyuma, akasema, ni *jodak*. Nimeishi Kisumu miaka ya kutosha kulijua neno hilo. Ni watu wanaokaa kwenye ardhi ya wenyewe kwa hisani yao, wasio na sauti, wanaoweza kuambiwa kesho fungasheni. Jirani yangu wa Busia alisimama, akabeba kigoda chake, akaondoka. Mimi nilibaki, lakini uso ulinichoma.

Mvua ikamaliza mkutano. Mwaka ule ilinyesha kama imelipwa, ziwa lenyewe lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu kule ufukweni. Tenti ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, imekunjwa ndani kwa Mzee, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Wote wakalowa. Kila mtu akakimbia kwake.

Kesho yake Mama alikuja mlangoni kwangu, kanga begani, harufu ya samaki imemtangulia.

"Mwalimu, wewe ndiyo utaketi katikati."

"Mimi? Mama, mimi ni mtu wa nyuma. Na tumeitwa *jodak* jana nikisikia."

"Ndiyo maana nimesema hivyo. Hapa hauna kura, kura yako iko kwenu Vihiga. Huna chama. Na yeye mwenyewe amekutaja."

Sikuamini, nikaenda kumwona Mzee. Nilimkuta ameketi kizingitini akisafisha redio kwa kitambaa. Nilikuwa nimemfundisha mjukuu wake, na alinisalimia vizuri, kama vile jana haikuwapo.

"Mzee, nasikia umenitaja. Lakini unga huu hata mimi nauhitaji. Mgawanyo ukiwa wa Mama, napata. Ukiwa wako, sipati. Nitakaaje katikati?"

"Najua hiyo," akasema. "Kwa sababu kila mtu anajua, wewe utaogopa kupendelea. Mtu ambaye hahitaji kitu, huyo ndiyo mbaya. Huyo anaweza kufanya chochote."

Nilirudi nyumbani nikilifikiria jambo hilo na bado nalifikiria.

Mkutano wa pili ulikuwa Alhamisi, siku moja tu kabla ya mwisho. Niliketi katikati kweli, juu ya kigoda cha kuazima, nikijiona kama mwalimu mpya siku ya kwanza ya mazoezi. Mzee alianza kwa Dholuo, na mara nikaona watu wanajipanga vizuri kwenye vigoda vyao, tayari kwa burudani. Nikainua mkono.

"Samahani, Mzee. Mimi Dholuo naisikia, lakini mnapokasirika mnaniacha nyuma. Kama ni mimi nitakaa hapa, naomba tuongee Kiswahili."

Sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa nimesema kweli tupu. Lakini jambo la ajabu likatokea. Watu wale wote wanakijua Kiswahili, ndicho wanachonunulia na kuuzia mjini. Ila ni Kiswahili cha bei na salamu. Cha kutukania hawakuwa nacho cha kutosha. Mzee alifungua mdomo kuanza methali ya fisi, akasimama.

"Fisi ile… fisi ile ilienda…" Akanitazama. "Mwalimu, hii kitu ya ng'ombe inatoa ndani ya tumbo baada ya kuzaa inaitwa nini?"

"Kondo la nyuma, Mzee."

"Kondo la nyuma." Akalionja neno hilo. "Basi acha tu. Haitaleta utamu."

Watu wakacheka, na Mzee mwenyewe akatabasamu chini ya barakoa. Niliona masikio yake yakipanda. Mama naye alipojaribu kujibu kwa ukali alikwama kwenye neno la pili. Kila aliyetaka kumchoma mwenzake ilibidi kwanza atafute kisu, na wakati wa kukitafuta, hasira inapoa.

Kisha tukafika pale penye kidonda.

"Watu ya nyuma," Mzee akasema, "mimi siwachukii. Lakini hao ni… Mwalimu, *jodak* kwa Kiswahili ni nini?"

Jirani yangu wa Busia alikuwa amerudi siku hiyo, amekaa pembeni kabisa. Wote walinitazama. Ningeweza kutafuta neno kali, liko. Lakini nilijiuliza kwa haki kabisa sisi ni nani pale mtaani, nikajibu.

"Ni wapangaji, Mzee."

"Haya. Wapangaji. Sasa wapangaji hawawezi kupata sawa na—"

"Ngoja!" Mama akaruka kwenye kigoda chake. "Ngoja hapo hapo! Wewe unalipa nani kodi?"

"Kodi gani?"

"Ya nyumba yako. Unalipa nani?"

"Si ni baraza la mji."

"Tangu lini?"

"Tangu niingie reli. Unajua vizuri."

"Kwa hivyo wewe ni nani? Wewe ni mpangaji! Mimi ni mpangaji! Mwalimu ni mpangaji! Hapa Kaloleni nani si mpangaji?"

Mzee alinyanyua kidole kumjibu, kikabaki hewani. Niliona anatafuta. Katika Dholuo angelikuwa na njia kumi za kutokea hapo, lakini kwa Kiswahili mlango ulikuwa mmoja, na Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akakishusha kidole.

"Yawa, jamani," akasema polepole. "Huyu mama amenifunga."

Watu walicheka mpaka wengine wakavua barakoa wapate hewa, na ilibidi niwakumbushe wazivae. Jirani wa Busia alicheka kuliko wote.

Baada ya hapo ndipo Mzee alisema kilichokuwa moyoni. Hakusema kwa sauti ya treni. Alisema yeye anaishi peke yake tangu mkewe afe. Wakihesabu vichwa, yeye ni kichwa kimoja. Atapewa unga wa kikombe, kama mgonjwa. Na wazee wenzake wako vivyo hivyo, mmoja mmoja katika nyumba zile za mbele, watoto wao wametawanyika, na wengine wametuma habari kwamba kazi zimekwisha na hawatumi kitu.

"Mimi sikatai watoto wakule," akasema. "Lakini mtu mmoja pia anasikia njaa nzima. Hasikii nusu."

Nadhani Mama hakuwa amewahi kulifikiria hilo, ingawa walikuwa wakisikiana kikohozi kupitia ukutani.

Tulizunguka huku na huku jua likapanda. Mwishowe walikubaliana hivi: fungu litafuata jiko. Kila mlango wenye jiko linalopikiwa ni fungu moja kamili, uwe mbele au nyuma, uwe na mtu mmoja au familia. Mama akaacha vichwa. Mzee akaacha nambari za nyumba. Na kwa kuwa wenye watoto wengi wangepunjika, sehemu ya unga ingewekwa kando, watoto wote wapikiwe uji asubuhi, kwenye sufuria za Mama, chini ya tenti ya Mzee. Hilo la mwisho walilikubali haraka, bila kutazamana.

Haikumfurahisha kila mtu. Kijana mmoja wa upande wa Mama alimwambia mbele yetu, "Mama, umetuuza." Na rafiki wa Mzee, aliyefanya naye kazi reli, alikaa muda mrefu bila kumsemesha. Nilipompigia naibu chifu kumwambia kamati ni moja, aliniuliza kama nina hakika nampigia kutoka Kaloleni.

Mimi nilidhani kazi imekwisha. Kumbe habari ya majiko ilisambaa, na Kaloleni ikaanza kuzaa majiko. Kufikia asubuhi yalikuwa kila mahali. Ndugu wawili waliokula pamoja tangu utotoni walitangaza kwamba wametengana. Fundi wa baiskeli aliweka jiko kwenye mlango wa banda lake la spana. Bibi mmoja alikuwa na la kwake, la binti yake na la mjukuu anayesoma bweni, yote matatu yamepangwa ukumbini kama dukani.

"Lori likifika leo tutaaibika," nikamwambia Mama.

"Hatuaibiki," akasema. Akagonga ukuta kwa mwiko. "Mzee! Vaa viatu!"

Ndivyo walivyotoka pamoja, mara ya kwanza tangu ule uchaguzi, mmoja upande huu wa njia na mwingine upande ule, mimi nyuma yao. Walipita mlango kwa mlango. Mama aliinama juu ya kila jiko, akaweka kiganja, akachungulia ndani. Mzee alisimama wima akiuliza swali moja tu, kama anayekagua tiketi.

"Majivu iko wapi?"

Fundi wa baiskeli alisema ameyamwaga. Mama aligeuza jiko, akamwonyesha karatasi ya duka bado imebandikwa chini yake.

"Hii jiko haijawahi hata kujua moto, baba. Rudisha dukani kabla hawajafunga."

Wale ndugu walirudiana papo hapo bila ushauri wa mtu. Yule bibi alidai moja ni la kumbukumbu ya marehemu, na Mzee akavua kofia kwa heshima, kisha akamnyima. Watu walianza kutufuata kwa mbali, wakishangilia kila jiko la uongo lilipoanguka. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikasahau kidogo Malaba na mshahara.

Karibu na mwisho tulifika chumba cha nyuma ambacho sikuwa nimewahi kukiingia. Binti mmoja mdogo wa umri alikuwa ameketi kitandani na mtoto mchanga. Alikuwa akifanya kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja, hoteli ikafungwa. Jiko lake lilikuwa kando ya mlango. Mama aliweka kiganja. Lilikuwa baridi. Akachungulia. Lilikuwa safi, limefagiliwa.

"Majivu iko wapi?" Mzee akauliza, kwa sauti ileile aliyomwuliza fundi.

Yule binti alitazama mlangoni tuliposimama, kisha akamgeuzia mtoto titi la pili. Mtoto alinyonya, akaliacha, akalia.

"Nyathina," Mama akasema taratibu. Mwanangu. "Umepika lini?"

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu nilichemsha chai."

Wale waliokuwa wakishangilia nyuma yetu walinyamaza wenyewe. Mzee alivua kofia, na safari hii hakuirudisha. Nilidhani atasema kitu kirefu, maana ndivyo alivyokuwa. Alisema tu, "Hii ni jiko." Kisha akaongeza, "Hii ndiyo iwe ya kwanza."

Mama alikuwa ameshaondoka. Alirudi na sahani imefunikwa, samaki aliyekuwa wa wateja wake wa jioni, na nusu ya ugali wake. Akaketi pale kitandani, umbali wa serikali ukasahaulika, akampokea mtoto ili mama yake apate kula. Mzee aligeuka kutazama barabara. Nami nilitazama barabara. Hakuna aliyekuwa akitazama kitu chochote huko.

Tuliporudi kwenye ile milango miwili, Mzee aliingia ndani, tukasikia vyuma vinaburutwa, na ncha ya turubai la bluu ikatokea mlangoni. Vijana wa pande zote wakaja kuivuta. Ilikuwa imeliwa na panya mahali pawili, ikanuka ukungu, lakini ilisimama. Mama naye alifungua kwake, sufuria zikatoka zikibingirishwa kama magurudumu ya trekta.

Lori lilifika mchana. Mfanyabiashara mwenyewe hakuja, alimtuma karani wake aliyetaka picha ya kamati. Walipiga picha wakiwa wamepeana nafasi kubwa sana, hivi kwamba ilibidi yule karani arudi nyuma mpaka mtaroni ndipo waingie wote. Kisha Mzee akaita watu kwa sauti yake ya treni. Alianza na yule binti wa hoteli. Akafuata wazee, halafu mbele na nyuma zikachanganyika. Jina langu lilipoitwa nilibeba unga wangu begani, sabuni na mafuta mkononi, nikajihisi nimepokea mshahara.

Jioni mume wangu alipiga.

"Umekula nini?"

"Ugali na maharagwe ya kamati," nikasema. "Na wewe?"

"Mandazi. Huku nako wameanza wote kuuza mandazi."

Asubuhi iliyofuata uji ulichemka. Watoto walipanga foleni na vikombe vya kila rangi, wakiwa wametengana mwanzoni, kisha wakikaribiana, kisha Mama akipiga kelele, wakiachana tena. Zamu ya kukoroga ilikuwa ya wanawake wa pande zote mbili, na wiki ya kwanza walikoroga bila kuongea. Wiki ya pili walianza kubishana kama uji utiwe ndimu au usitiwe. Hapo nilijua mambo yatakuwa sawa. Unga ulipokaribia kwisha, baadhi ya wenye mafungu walirudisha kidogo, uji ukaendelea siku kadhaa zaidi, kisha ukaisha.

Sitaki kusema kwamba chama cha kuzikana kiliungana. Hakikuungana. Uchaguzi uliofuata kila mtu alirudi upande wake na vipaza sauti vikaimba tena. Wapo wanaoamini mpaka leo kwamba nilihongwa, ila hawakubaliani ni nani aliyenihonga. Lakini mtu akifiwa sasa, wa upande wowote, watu hukaa kivulini na kula. Hakuna kikao kilichoamua hivyo.

Mume wangu alirudi, amekonda, akalala siku mbili. Shule zilifunguliwa Januari. Watoto wangu wa darasa la sita walikuwa wamenipita kimo, na sauti za wavulana zimevunjika. Mama bado anakaanga samaki palepale. Mzee macho yalimsumbua, akahamia kwao upande wa Awasi, ambako ana shamba dogo na ndugu.

Mwaka jana tulipita Awasi na basi la shule, tukiwapeleka watoto Kericho kuona mashamba ya chai. Dereva alisimama sokoni kununua maji, nami nikamwona Mzee ameketi kwenye benchi la duka, fimbo katikati ya magoti. Nikamwendea. Alinitambua kwa sauti. Aliuliza habari za watu, mmoja mmoja, mbele na nyuma. Kisha akauliza, "Na yule mtoto?"

"Yuko chekechea kwetu," nikasema. "Anajua kuimba na anajua kupiga wenzake. Mama yake amepata kazi tena."

"Ngoja hapo," akasema.

Akamwita mtu, wakaongea, mtu yule akaenda. Watoto ndani ya basi walikuwa wanapiga madirisha, dereva anapiga honi. Baada ya muda mtu alirudi na gunia la viazi vitamu, vimechimbwa asubuhi ileile, na Mzee akasema ni vya yule mtoto, nisimwambie mtu mwingine akadai. Niliwaza kumwambia tunaenda Kericho kwanza, si Kisumu. Sikumwambia. Gunia lilipanda nasi mpaka kwenye chai na kurudi, watoto wakilikalia kwa zamu, basi zima likinuka udongo.